Alan Turing: Mwanahesabu Aliyewinda Yasiyowezekana

Mwaka 1940 Mto Tana ulikuwa mstari wa hofu. Italia iliingia vitani mwezi wa Juni mwaka huo, na majeshi yake yalikuwa yametanda Somalia na Uhabeshi. Julai yakaiteka Moyale, Agosti yakawafukuza Waingereza kutoka sehemu yao ya Somalia, na Oktoba ndege za Kiitalia zikaangusha mabomu Malindi, mji ambao sisi wa Garsen twauhesabu kuwa jirani. Wakoloni walioitazama ramani waliuona mto huu, unaoteremka kutoka Garissa hadi Bura, ukapita hapa kwetu na kumwaga maji yake baharini Kipini, kuwa ndio kizuizi kikubwa cha maumbile kati ya adui na Mombasa.

Adui hakuvuka. Mwanzoni mwa mwaka 1941 mambo yaligeuka, na majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwemo askari wa King's African Rifles na wenzao wa Gold Coast, Nigeria na Afrika Kusini, yakaingia Somalia. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Vitabu tunavyosomeshea huyataja haya kwa majina ya majenerali na idadi ya bunduki. Aghalabu havitaji kwamba kufikia siku mashambulizi hayo yalipoanza, maagizo ya siri ya Mtemi wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa Italia katika sehemu hizi, yalikuwa yakisomwa na Waingereza karibu mara tu yalipotolewa. Mafumbo yake yalikuwa yamefumbuliwa Misri na Uingereza. Mtemi huyo alikamatwa, akafia Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa wa vita, naye amezikwa Nyeri.

Mengi ya mafumbo hayo ya Waitalia yalikuwa ya vitabu na karatasi. Fumbo kubwa zaidi la vita vile lilikuwa la mashine, na miongoni mwa walioifumbua mashine hiyo, mmoja ninamleta leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu: Alan Mathison Turing. Ninamleta kwa sababu nafundisha hesabu, na kwa sababu njia aliyoitumia ni njia ambayo madarasa yetu, kwa uchu wa majibu ya haraka, yanaelekea kuiua.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Bara Hindi, na mtoto pamoja na kaka yake waliachwa Uingereza kulelewa na watu wengine. Alisoma katika shule ya bweni ya Sherborne, mahali palipothamini Kilatini na michezo kuliko sayansi. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, wino ulimchafua vidole na kola, na walimu wengi hawakumwona kuwa kijana wa kutarajiwa makubwa. Huko alipata rafiki mmoja aliyependa nyota na hesabu kama yeye, Christopher Morcom, aliyefariki mwaka 1930 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Waandishi wengi wa maisha yake wanakubaliana kwamba kifo hicho kilimwachia Turing swali lililomfuata maisha yote: akili ya mwanadamu ni kitu gani, na je, yaweza kukaa katika kitu kisichokuwa mwili?

Mwaka 1931 alijiunga na King's College, Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 24, alichapisha makala ambayo wanaojua mambo haya huihesabu kuwa jiwe la msingi la tarakilishi. Wanahesabu wa wakati ule walikuwa wakiuliza iwapo ipo njia moja ya hakika, inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua bila kufikiri, ambayo kwayo kauli yoyote ya hesabu ingeweza kuamuliwa kama yathibitika au haithibitiki. Turing alibuni akilini mashine sahili mno: utepe mrefu usiokwisha, alama zinazoandikwa na kufutwa, na orodha ya maagizo. Kisha akasema, tuchukulie kwamba njia hiyo ipo. Akaifuata dhana hiyo kwa uaminifu mpaka ikajikana yenyewe. Basi njia hiyo haipo. Wanafunzi wanaufahamu uthibitisho wa namna hii. Ndio ule ule unaoonyesha kwamba kipeo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili kamili. Unaikubali dhana ya mpinzani wako, unamwachia kamba, na yeye mwenyewe anajifunga. Silaha hiyo Turing aliingia nayo vitani.

Kabla hatujaingia huko, hebu tuieleze mashine yenyewe, nami nitaanza na jambo tunalolijua. Watoto wa pwani tangu zamani wana mchezo wa kusema kinyume. Silabi ya mwisho hutangulizwa mbele, na kwa hiyo maji huwa jima, samaki huwa kisama, na Tana huwa nata. Mtu mgeni akisikia mara ya kwanza hutoka kapa. Lakini akishaijua kanuni ameshaijua, maana kanuni ni moja tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Sasa fikiri mchezo ambao kanuni yake inabadilika kila herufi inapotamkwa. Hiyo ndiyo Enigma ya Wajerumani.

Kwa sura ilifanana na taipureta iliyotiwa ndani ya sanduku la mbao. Mpigaji akibonyeza herufi, umeme ulipita katika magurudumu matatu yenye nyaya zilizopindana, ukarudi, na taa ya herufi nyingine ikawaka. Papo hapo gurudumu la kwanza lilisogea hatua moja, hivi kwamba herufi A ikibonyezwa mara nne yaweza kutoa herufi nne mbalimbali. Mbele ya sanduku palikuwa na ubao wa nyaya za kuunganisha herufi mbili mbili. Ukihesabu uchaguzi wa magurudumu, mahali pa kuanzia na mpangilio wa nyaya, unapata njia zipatazo 159 zikifuatwa na sufuri 18. Mpangilio ulibadilishwa kila siku. Anayetaka kuzijaribu moja moja angezeeka, wajukuu wake wangezeeka, na kazi ingekuwa haijaanza.

Haki ya kwanza ni ya Wapolandi. Mwaka 1932 mwanahesabu kijana, Marian Rejewski, aliigundua kwa hesabu tupu namna magurudumu ya ndani yalivyofungwa nyaya, mashine ambayo hakuwa ameiona kwa macho. Yeye na wenzake Henryk Zygalski na Jerzy Różycki waliusoma ujumbe wa Wajerumani kwa miaka kadhaa, na Julai 1939, majuma machache kabla ya nchi yao kuvamiwa, Wapolandi waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa yote waliyoyajua. Filamu nyingi za Kiingereza huwapitia watu hawa mbio mbio kama basi linalopita kituo kisicho na abiria. Mimi siwezi.

Vita vilitangazwa tarehe 3 Septemba 1939. Kesho yake Turing aliripoti Bletchley Park, kasri moja kaskazini ya London ambako serikali ilikuwa imekusanya wanahesabu, wataalamu wa lugha na mabingwa wa sataranji. Njia ya Wapolandi ilitegemea tabia fulani ya Wajerumani katika kutuma funguo zao, na tabia hiyo ingeweza kubadilishwa siku yoyote; na kweli, Mei 1940 ilibadilishwa. Turing alitaka njia isiyotegemea hisani ya adui.

Aliianza kazi kwa kukisia. Jeshi ni kiumbe cha mazoea. Kituo cha hali ya hewa hutuma habari za hewa saa ile ile kila siku kwa maneno yale yale. Ofisa mdogo hamsahau mkubwa wake kwa cheo chake chote. Kwa hiyo mfumbuaji aliweza kukisia kwamba mahali fulani katika ujumbe kuna neno la Kijerumani la hali ya hewa. Ni kama kutegewa kitendawili, ila Wajerumani hawakuwa tayari kupewa mji wakatoa jibu. Hapo mfumbuaji aliliandika neno alilolikisia chini ya herufi za fumbo, akalisogeza polepole. Enigma ilikuwa na kasoro moja: haikuweza kamwe kuifumba herufi kwa herufi hiyo hiyo. Kwa hiyo popote herufi ya juu ilipolingana na ya chini, mahali hapo palikuwa si penyewe, pakaachwa.

Mahali panapofaa palipopatikana, kazi ya mashine ilianza. Tuseme tunadhani kwamba herufi A imeunganishwa kwa waya na herufi G. Kutokana na dhana hiyo, na mahali magurudumu yalipo, inafuata kwamba herufi fulani ya tatu imeunganishwa na ya nne, na hiyo nayo inaleta nyingine, mpaka mnyororo unaporudi kwenye A na kudai kwamba A imeunganishwa na K. Lakini herufi haiwezi kuwa na wenzi wawili kwenye ubao ule. Dhana ya kwanza imekufa. Na hapa ndipo penye uhodari wa Turing: aliona kwamba dhana hiyo haifi peke yake, bali pamoja nayo hufa kila tokeo lililozaliwa nayo, na kwamba umeme ukipitishwa katika nyaya zilizofungwa ipasavyo utayafuata matokeo hayo yote kwa mara moja. Mashine yake haikuulizwa jibu ni lipi. Iliulizwa ni yapi hayawezekani. Iliyapitia mahali pa magurudumu 17,576, ikatupa, ikatupa, ikatupa, na pale iliposhindwa kutupa, ilisimama. Mahali hapo binadamu alipatazama.

Mashine ya kwanza, iliyopewa jina la Victory, ilifika Bletchley Machi 1940. Mwenzake Gordon Welchman aliongeza ubao wa nyaya ulioipa nguvu zaidi, na yenye ubao huo ikaanza kazi Agosti. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani moja hivi. Kufikia mwisho wa vita zilikuwa zimefika kama 200, zikiendeshwa usiku na mchana hasa na wasichana wa jeshi la majini, ambao wengi wao hawakuambiwa wanachokifanya kina maana gani. Kati ya watu karibu 10,000 waliofanya kazi huko ilipokuwa imepamba moto, robo tatu walikuwa wanawake. Joan Clarke, mwanahesabu wa Cambridge, alifanya kazi bega kwa bega na Turing, na mwaka 1941 walichumbiana kwa muda mfupi.

Turing alijichagulia Enigma ya jeshi la majini, iliyokuwa ngumu kuliko zote na ambayo wengi walikuwa wameshaikatia tamaa. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula na mafuta katika bahari ya Atlantiki kiasi cha kuitisha Uingereza njaa. Ili kupunguza kazi ya mashine, alibuni njia ya kulinganisha ujumbe kwa karatasi ndefu zilizotobolewa matundu. Karatasi hizo zilichapwa katika mji wa Banbury, na kutokana na jina la mji huo aliunda kipimo cha uzito wa ushahidi: kila dalili ndogo ilipewa alama, alama zikajumlishwa, mpaka dhana ikastahili kuaminiwa au kuachwa. Wanaosomesha takwimu watatambua kwamba mambo haya leo yana vitabu vizima.

Hata hivyo hesabu peke yake haikutosha. Februari 1942 nyambizi za Atlantiki zilipewa mashine yenye gurudumu la nne, na kwa muda wa miezi kama kumi Bletchley ilikuwa kipofu. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, katika bahari ya Mediterania karibu na Misri, mabaharia wa Kiingereza Anthony Fasson na Colin Grazier waliingia ndani ya nyambizi U-559 iliyokuwa ikizama, wakapitisha nje vitabu vya siri kwa msaada wa kijana Tommy Brown. Brown aliokoka, Fasson na Grazier walizama pamoja na nyambizi. Vitabu hivyo ndivyo vilivyolifungua tena fumbo mwezi wa Desemba.

Na huku kwetu? Aprili 1942 Wajapani walishambulia Colombo na Trincomalee, na jeshi la majini la Uingereza likahamishia makao yake Kilindini. Wafumbuaji wa mafumbo ya Kijapani, waliokuwa tawi la Bletchley, walikuja nao, wakapewa Shule ya Allidina Visram ya Mombasa, inayoitazama Bahari ya Hindi. Madarasa ya shule yakawa ofisi za siri. Turing mwenyewe hakuwako, na mafumbo yaliyosomwa pale hayakuwa ya mashine, lakini mwendo wa fikira ulikuwa ule ule wa kumngoja adui ajirudie. Huko huko Kilindini fumbo la meli za mizigo za Kijapani lilifumbuliwa mwaka huo wa 1942, baada ya opereta wa Kijapani kuutuma ujumbe ule ule mara mbili, mara ya pili akiwa ameongeza maneno. Kosa moja la mtu mmoja, na habari za meli za bahari nzima zikawa wazi. Mwaka 1943 kituo kilirudi Colombo.

Anayedhani mambo haya yalikuwa ya Wazungu na Wajapani tu na akumbuke meli Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini Februari 1944 ikiwa imebeba, miongoni mwa wengine, askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki waliokuwa wakielekea Colombo. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao vijana wa nchi zetu. Ujumbe wa nyambizi unaposomwa kwa wakati, msafara hugeuzwa njia na watu hufika. Usiposomwa, barua za kifo hufika vijijini.

Turing alikuwa mtu wa vituko, na wanafunzi hupenda kusikia. Alipanda baiskeli akiwa amevaa kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu, kwa kuwa chavua za maua zilimpa mafua. Mnyororo wa baiskeli hiyo ulikuwa na tabia ya kuchomoka; badala ya kuupeleka kwa fundi, alihesabu mizunguko, akagundua ni baada ya mizunguko mingapi hutoka, akawa anashuka kuurekebisha kabla haujatoka. Kikombe chake alikifunga kwa mnyororo kisiibwe. Kwa hofu ya uvamizi alizika vipande vya fedha ardhini, na baadaye, yeye aliyefumbua siri za nyambizi, hakuweza kupata alikovizika. Tena alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 dakika 46 na sekunde 3, dakika 11 tu nyuma ya muda wa mshindi wa Olimpiki ya mwaka uliofuata. Sisi Wakenya angalau katika hilo tunajua kumpima.

Baada ya vita alichora mpango wa tarakilishi katika maabara ya taifa, kisha akahamia Manchester mwaka 1948. Mwaka 1950 aliandika makala kuuliza kama mashine zaweza kufikiri, swali ambalo siku hizi limetoka vyuoni likaingia hadi kwenye simu za wanafunzi wetu. Majirani na wenzake wengi hawakujua alichokifanya vitani. Kazi ya Bletchley ilikuwa siri ya dola, na haikutangazwa kwa umma hadi mwaka 1974.

Siri hiyo ndiyo inayoufanya mwisho wake uwe mchungu. Mapema mwaka 1952 nyumba yake ilivunjwa na wezi, akaripoti polisi. Katika kuhojiwa alikiri bila kuficha kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1885. Alishtakiwa, akahukumiwa Machi mwaka huo, na badala ya kifungo akakubali kudungwa sindano za homoni kwa mwaka mmoja. Ruhusa yake ya kushughulikia siri za serikali iliondolewa. Najua msomaji mmoja na mwingine watakuwa na rai zao kuhusu jambo hilo, na sheria yetu wenyewe ingali na vifungu vilivyorithiwa kutoka kwa wakoloni hao hao. Lakini msomaji wa rai yoyote na azingatie hili: mahakama ilimhukumu mtu, na utumishi wake mkubwa haukuweza kutajwa kwa ukamilifu mbele yake, kwa kuwa dola iliyokuwa ikimshtaki ndiyo iliyokuwa imeuweka chini ya kufuli.

Tarehe 7 Juni 1954 alifariki nyumbani kwake kwa sumu ya sianidi, akiwa hajatimiza miaka 42. Mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi kwamba alijiua. Mama yake aliamini hadi mwisho kwamba ilikuwa ajali ya majaribio yake ya kemikali. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na Desemba 2013 akapewa msamaha wa kifalme. Wapo wanaokokotoa kwamba wafumbuaji wa Bletchley waliufupisha muda wa vita kwa miaka miwili au zaidi. Sizipendi hesabu za namna hiyo, maana haziwezi kujaribiwa. Napenda zaidi zile zinazoweza kukataliwa zikikosewa.

Tangu mwaka 2021 sura yake imo katika noti ya pauni 50 ya Uingereza, na katika noti hiyo umechorwa utepe wenye tarehe yake ya kuzaliwa, siku, mwezi na mwaka vikifuatana kama namba moja, iliyoandikwa kwa tarakimu mbili tu kama tarakilishi inavyoandika. Namba yenyewe ni 1010111111110010110011000. Wanafunzi na wachukue kalamu, wapandishe vipeo vya 2 kutoka kulia kwenda kushoto, na wanaponijumlishia wanionyeshe kazi yote, hata mistari waliyoikata.